Benchi la Nyuma, Darasa la Nne

Jumatatu, 19 Septemba 1966

Nimefika. Mgongo haujafika, huo bado uko njiani kati ya Mwingi na hapa. Tumengoja msafara siku mbili, tukaondoka malori kumi na moja, askari mbele, askari nyuma kwa ajili ya mashifta, na mimi katikati juu ya magunia ya sukari. Vumbi! Mpaka sasa nalitema.

Darajani tumeteremshwa wote, kipande mkononi. Askari akafungua sanduku langu, akakuta madaftari kumi na mawili matupu na boksi la biro. Akaniuliza mimi ni karani wa nani. Nikamwambia si karani, ni mwalimu, nimekuja kutazama walimu wenzangu wanavyofundisha watoto kusoma Kiingereza. Kutazama tu? Kutazama tu. Kutoka Mombasa mpaka hapa, na hali hii, kutazama tu? Aliniangalia kwa huruma, akanirudishia sanduku.

Kazi yenyewe ni ya Daktari Hollis, mama wa Kizungu wa chuo kule Nairobi. Mwembamba, hachoki, hanywi hata maji. Alitukusanya sisi wakufunzi wanne akatufundisha wiki nzima namna ya kunyamaza. Masharti yake nayaandika hapa nisije nikayasahau kwa joto hili. Kaa nyuma. Usiseme, usisahihishe, usiingilie somo hata paa likishika moto. Ukurasa wa kushoto, ulichokiona na kukisikia, neno kwa neno. Ukurasa wa kulia, unachofikiri. Jina la mtu lisiandikwe kamwe — mwalimu herufi, mwanafunzi namba. Na orodha ya kufumbua hizo herufi na namba ikae mbali na madaftari, mahali pengine kabisa.

Mahali pengine kabisa ni hapa. Ukurasa wa mwisho wa shajara hii. Nani atajisumbua kusoma malalamiko ya mzee wa Kibokoni na mgongo wake?

Biro pia katupa yeye. Wino wake hautoki hata kwa mvua, alisema, kwa fahari utadhani kazitengeneza kwa mkono. Mvua! Garissa!

Chumba kidogo, kitanda cha chuma, karai, kiti kimoja. Kafyu saa kumi na mbili jioni. Sasa ni saa moja na nimeshamaliza yote ya kufanya duniani.

Jumatano, 21 Septemba

Mwalimu mkuu ni Gelle, mtu wa hapa hapa, mpole, miwani imefungwa uzi. Yeye atakuwa A. Mwalimu wa darasa la tatu ni Mkamba wa Kitui anayehesabu siku za uhamisho — huyo B. Wa darasa la nne anaitwa Nunow, kijana wa miaka ishirini na sita hivi, mrefu, amekuja kutoka Hadado na ana haraka ya kila kitu. Huyo ni C. Gelle kaniambia kwa sauti ya chini kwamba Nunow ndiye wa kutazama, hao wengine, naye mwenyewe akiwemo, wanafundisha tu.

Basi nimekaa benchi la nyuma, darasa la nne. Watoto thelathini na wanane, vitabu tisa. Wasichana watatu tu. Kitabu chenyewe kimetoka Uingereza: bustani, treni, theluji.

Somo limekwenda vizuri mno. Nunow akaonyesha kwa fimbo, watoto wakasoma ukurasa wa theluji tangu juu mpaka chini, hakuna aliyekwama, hakuna aliyekosea. Nikaandika, nikaandika, mkono ukaniuma. Kisha nikatupa jicho kwenye kitabu cha walio karibu nami. Kimefunguliwa ukurasa wa treni! Wanasoma theluji, macho kwenye treni, na wala hawana wasiwasi.

Nimecheka moyoni mpaka machozi. Ni somo la wageni hilo. Limepikwa jana, limepakuliwa leo. Na mimi niseme nini, nami nilimfanyia hivyo hivyo mkaguzi mwaka hamsini na mbili, akaniandikia sifa.

Ijumaa, 23 Septemba

Joto. Nzi. Nimehesabu kwenye daftari: "Darasa lasoma kwa pamoja" nimeiandika mara kumi na nne leo peke yake. Nimechoka nayo. Sauti ya pamoja ndiyo adui wa kazi yangu. Humjui anayesoma na anayefungua mdomo tu. Wote wamejificha mle ndani.

Nimemwuliza Nunow baada ya somo, kama Daktari alivyoagiza, ulifanya hivi kwa nini? Si kumlaumu, kumwuliza tu. Akaona dhahiri nauliza kwa kumlaumu. Akasema hawa wote wametoka duksi. Kule Kurani huingia mdomoni kwanza, maana itakuja ukubwani, na hakuna anayepigwa kwa kutojua maana. Sura ikishakaa kifuani, ubao unaoshwa, wino wa makaa unatoka wote, unaandika nyingine. Kwa hiyo maalim, akasema, mimi nimewakuta tayari wanajua kusoma, ila hawajui kwamba Kiingereza kinasomwa vingine.

Ukurasa wa kulia nimeandika: huyu anafikiri. Nimepiga mstari chini.

Jumatatu, 26 Septemba

Wameanza kunisahau. Hiyo ndiyo inayotakiwa — Daktari alisema kazi huanza siku wanapokusahau. Leo mtoto kafuta pua kwenye koti langu akidhani mimi na ukuta ni kitu kimoja.

Na leo nimeona jambo! Kitabu kimoja, watoto wanne au watano. Wanakiweka katikati ya dawati, wanazunguka. Mwenye bahati anakiona sawasawa, wa ubavuni anakiona ubavu, wa mbele anakiona kichwa chini. Kila siku, mahali pale pale, tangu darasa la kwanza. Kuna msichana anaitwa Qali, mdogo wa umbo, miaka kumi na mmoja labda, anakaa mbele. Anasoma kuliko wote. Wakati wa mapumziko nikampa kitabu akishike mwenyewe. Akakipokea, akakigeuza kichwa chini, akasoma vizuri bila kusita. Nikakigeuza sawa. Akakwama neno la pili. Akanitazama kwa adabu, akakirudisha kichwa chini, akaendelea.

Miaka ishirini na mbili ya ualimu sijaona kitu kama hicho. Nimeandika yote daftarini: C-7, msichana, husoma kitabu kikiwa kichwa chini, sababu ni mahali anapokaa. Daktari ataruka! Nimesahau mgongo kwa saa nzima.

Jioni Bi Fatumo, mjane anayetupikia sisi walimu, kaniletea chai ya maziwa ya ngamia yenye ladha ya moshi. Nimeizoea, Mungu anisamehe. Akasimama mlangoni. Nayaandika maneno yake kama yalivyotoka, mkono umeshazoea: "Maalim, wewe nakula kidogo, naandika mingi. Naandikia nani?" Nikamwambia naandikia mama mmoja Nairobi, anataka kujua watoto wanasomaje. Akasema, "Hapa mtu akitoa kalamu, watu nanyamaza. Hiyo wewe andika pia."

Sikuiandika daftarini. Si habari ya kusoma.

Jumatano, 28 Septemba

Jana jioni risasi, upande wa visimani. Wanasema mashifta walikuwa wanne, wawili wameondoka wakivuja damu. Leo ukaguzi nyumba kwa nyumba. Darasani walikuja kumi na tisa.

Nimekunywa asprini mbili. Sikuandika chochote cha maana.

Alhamisi, 29 Septemba

Hii ndiyo siku niliyoijia!

Nunow kaingia, kavikusanya vile vitabu tisa, kaviweka kabatini. Akasema hakuna theluji leo. Akawauliza kwa Kiingereza, nyumbani kuna nini? Wakatazamana. Akauliza kwa Kisomali. Wakaanza. Mtoto anasema kwa Kisomali au kwa Kiingereza chake kibovu, mwalimu analinyoosha, anaandika ubaoni, mtoto anasoma alichosema yeye mwenyewe, kisha darasa zima linasoma.

Mama yangu anauza maziwa. Ngamia wetu wamechukuliwa, walikuwa arobaini. Mimi nina nambari ya kijiji shingoni. Nyanya yangu hataki seng'enge ya kijiji. Ubao ukajaa, akafuta, ukajaa tena. Wanasoma! Macho yako ubaoni, hayaendi dirishani! Hata wale mabubu wa benchi la tatu.

Qali akainua mkono. Kwa sauti ndogo: Kaka yangu yuko nyumbani. Mguu wake ni mbaya. Mama anauosha kwa maji ya chumvi. Neno "mguu" halimo kitabuni. Kaliomba kwa mwalimu kwa Kisomali, kapewa, kalisoma mara tatu bila kosa. Nimeandika yote, kushoto neno kwa neno, C-7, na kulia: Ajabu! Neno geni, kalishika papo hapo kwa sababu ni lake.

Nunow alikohoa hapo, akafuta ubao haraka kidogo. Nikaandika: mwalimu anakohoa, anafuta ubao. Mimi ni mtu wa kuandika, basi naandika.

Kurasa kumi na saba. Vidole vimekufa ganzi. Lakini nimefurahi leo, wallahi, nimefurahi kama siku nilipopata cheti.

Ijumaa, 30 Septemba

Mahojiano na C, baada ya sala ya Ijumaa. Kasema njia hii hakufundishwa chuoni. Kaiwaza mwenyewe. "Kitabu kinasema theluji, maalim. Theluji nikamwonyeshe wapi? Lakini akisoma kilichotoka mdomoni mwake, hapotei." Nikamwuliza kwa nini haifanyi kila siku. Akasema siku nyingine mtu haogopi vitabu, anaogopa watoto.

Nimeliandika hilo kama lilivyo. Sikumwuliza maana yake. Nilikuwa naharakisha kufunga daftari la kwanza, msafara unaondoka kesho alfajiri.

Jumamosi, 1 Oktoba

Daftari limekwenda, ndani ya bahasha, jina la Daktari juu. Karani wa msafara kasema barua zote zinapita ofisi ya usalama kwanza. Nikasema zipite. Mimi sina siasa humo, nina makosa ya kusoma tu.

Nimefua shati. Nimelala mchana. Nimeota nyumbani, mke wangu Mama Zuhura ananipa mhogo wa nazi.

Jumanne, 4 Oktoba

Sijui nianze wapi.

Saa tatu asubuhi kaja askari darasani, kaniita kwa jina. Watoto wote wakageuka kunitazama. Wiki mbili nimekazana wanisahau, na kwa dakika moja wamenikumbuka.

Ofisini kuna Inspekta, mtu wa bara, mpole, kola imenyooshwa pasi. Kaniagizia chai. Daftari langu liko mezani mbele yake, limechomekwa vikaratasi. Kasema, "Kazi nzuri, Mwalimu. Mimi nilifundisha miaka miwili kabla ya kuingia huku. Sijawahi kuona mtu akiliandika darasa namna hii." Nami, mjinga mimi, nikasema ahsante!

Akafungua kwenye kikaratasi. Akasoma taratibu, kwa Kiingereza safi: kaka yangu yuko nyumbani, mguu wake ni mbaya, mama anauosha kwa maji ya chumvi. Akaangalia tarehe. Akaniuliza, siku mbili baada ya risasi, siyo? Halafu: "C-7 ni nani?"

Nilisahau kunywa. Siyo kwa woga wa Inspekta, hapana. Ni kwamba pale pale, kikombe mkononi, ndiyo mara yangu ya kwanza kuyasikia maneno ya yule mtoto. Kurasa kumi na saba! Niliyaandika, nikayapigia mstari, nikayapa alama. Nilikuwa nahesabu kama kalisoma "mguu" bila kosa. Sikusikia mguu. Mtu wa polisi ndiye aliyesoma. Mimi niliyetumwa kuona kama watoto wanasoma na kuelewa, mimi sikuelewa kitu.

Nikasema masharti ya kazi hayaruhusu kutaja jina. Akasema masharti ya hapa ni ya hali ya hatari. Nikasema basi sikumbuki. Akacheka kweli kweli, akatoa leso. "Hukumbuki! Mtu aliyeandika mpaka mwalimu kakohoa!"

Nikamwambia mguu unaweza kuwa wa mwiba, wa teke la ngamia, mtoto wa watu anaweza kuwa kaanguka tu. Akasema inawezekana, atakwenda kuutazama, na kama ni mwiba watautoa. Alivyosema "watautoa" nikaacha chai.

Ameniachia niondoke. Kasema Alhamisi asubuhi atakuja darasani kukaa nami benchi la nyuma. Anataka kuona kazi inavyofanywa.

Jioni Bi Fatumo hakuleta chai. Niliona moshi jikoni kwake, nilimwona yeye mwenyewe anapita na birika. Alipita.

Baadaye kidogo, nikinawa kwenye karai, ndipo likanijia. Kikaratasi cha pili! Alichomeka viwili. Kimoja cha mguu. Kingine hakukifungua mbele yangu, lakini nalijua daftari langu, najua kilikuwa wapi. Ishirini na sita Septemba. C-7, msichana, husoma kitabu kikiwa kichwa chini.

Hahitaji jina. Anahitaji karatasi moja na wasichana watatu.

Jumatano, 5 Oktoba

Sikulala. Nimemngoja Nunow nyuma ya darasa kabla ya kengele. Usiingilie somo hata paa likishika moto, Daktari, najua. Limeshika. Mimi ndiye niliyewasha.

Nikamwambia yote. Daftari, Inspekta, vikaratasi viwili, kesho. Nilitegemea atanipiga. Mkono wake ulikuwa kwenye ukuta, umetulia, chaki kati ya vidole. Alipofungua mdomo hakuniita maalim. Akaniita adeer — ndivyo wanavyomwita ndugu wa baba. "Adeer, ungeniuliza. Kabla ya kuituma, ungeniuliza tu."

Basi. Hilo tu. Bora angenipiga.

Nikamwuliza kama kweli yule kaka... Akanikatiza. "Usiniulize. Ukijua, utaandika."

Nikamwuliza basi kama Qali anaweza kukaa nyumbani kesho. Akasema kiti kitupu kitasema jina lake kuliko mtu yeyote. Na kuhama hawawezi, kutoka mjini ni kwa kibali, na mgonjwa habebeki mchana. Kengele ikalia. Akasema, "Haye," akaingia darasani. Nimekaa benchi langu bila daftari. Mikono haikujua pa kwenda.

Leo alirudisha vitabu. Akafundisha theluji kutwa nzima. Theluji, theluji, theluji, wote kwa pamoja, mpaka madirisha yalitetemeka. Kisha akawaita wasichana watatu mbele, akawapa kitabu kimoja, akakiweka mezani, na wote watatu akawasimamisha upande mmoja. Upande wa Qali.

Sikuandika popote. Hapa tu.

Alhamisi, 6 Oktoba

Saa tano kasoro. Niko chumbani, nimekaa kitini, meza ni sanduku. Mlango uko wazi, askari kasimama kizingitini, bunduki begani, anatafuna mirungi. Nimeambiwa niandike orodha. Naandika haya, ili akichungulia auone mkono unakwenda. Hasomi Kiswahili changu kutoka pale, na kwa kuwa anatazama uani zaidi, hatazami sana.

Yaliyotokea ni haya. Saa mbili Inspekta kaja, kakaa nami benchi la nyuma, kofia mapajani, kama mwanafunzi mwema. Kalisikiliza somo lote. Wakasoma theluji kwa pamoja. Akaninong'oneza kwamba na yeye hakupenda usomaji huu wa kwaya, humficha asiyejua. Nikasema ndiyo, humficha.

Kisha akasimama, akamwomba Nunow ruhusa kwa heshima zote. Akatoa karatasi mfukoni, imepigwa taipu, ni ukurasa ule ule wa theluji. Akawaita wasichana watatu.

Wa kwanza Rahmo, binti mkubwa wa mchuuzi wa chumvi, mwenye maneno mengi. Akapokea karatasi. Akaigeuza kichwa chini. Akasoma theluji mpaka mwisho! Kidole chake kilikuwa mstari wa nne na mdomo mstari wa kwanza, mimi nimeona. Wa pili Arbia, mtoto mwoga, leo kavaa shela mpya. Akaipokea karatasi. Akaigeuza. Akasoma. Wa tatu Qali. Akaipokea kwa mikono miwili, akaigeuza, akasoma vizuri bila kusita, na yeye peke yake kidole chake kilikuwa mahali pake.

Nunow anafuta ubao uliokwisha kufutwa.

Nilidhani tumepona. Kwa muda wa kuvuta pumzi moja nilidhani tumepona, na nikamwomba Mungu amrehemu aliyebuni kusoma kwa pamoja.

Inspekta akaikunja karatasi yake, akairudisha mfukoni. Hakukasirika. Akaja mpaka kwangu, akainama, akasema kwa sauti ya kawaida kabisa. Orodha ipo, Mwalimu, kwa sababu kazi kama yako haiendi bila orodha, na wewe ni mtu wa utaratibu. Nenda ukainakili, namba moja mpaka thelathini na nane, mbele ya kila namba jina. Saa sita niipate. Ukiniletea, nitakwenda nyumba moja. Usiponiletea, wasichana ni watatu, nitakwenda nyumba tatu, na vijana wangu wamechoka, sitawadhamini kwa adabu zao.

Nyumba moja au tatu. Rahmo ana bibi kipofu. Arbia ana wadogo wanne, kalisema hilo mwenyewe darasani, nami nikalinakili.

Nikipita uani Bi Fatumo alikuwa anaosha sufuria. Hakuinua kichwa. Akasema chini chini, mimi nikisikia, askari asisikie: "Wewe nalikuja kutazama tu."

Ukurasa wa mwisho, ule wa orodha, nimeuchana polepole nikikohoa. Nimeuzamisha karaini, chini ya shati nililoloweka. Nilikuwa nikifikiria ule ubao wa duksi, wanavyouosha. Mkono wa kushoto uko majini, unasugua, wa kulia unaandika. Nimeuinua kidogo kutazama. Majina yote yako palepale, meusi, yananing'aria. Daktari alisema kweli. Wino hautoki.

Haya, karatasi inalegea, naikanda iwe uji. Hiyo moja nitaimaliza. Lakini humu shajarani? Qali nimemwandika humu kurasa ngapi? Tarehe ishirini na sita, ishirini na tisa, jana, leo. Na daftari hili ni nene, na karai ni dogo, na kiberiti kiko kwa Bi Fatumo, na mlango uko wazi.

Na hata nikilimaliza lote, bado nyumba tatu.

Karatasi safi iko hapa pembeni. Nimeanza kweli kuandika orodha, lazima ionekane. Namba moja, kijana wa Takaba, baba yake ana duka. Mbili, tatu, nne, hao hawana neno. Tano. Huyu wa sita ndiye aliyefuta pua kwenye koti langu.

Askari ametema mate. Ananiuliza nimefika namba ngapi.

Nimemwambia ya sita.